Vaeni Viatu Kabla ya Kuingia Sebuleni

Wanangu,

Vaeni viatu, sebuleni kumejaa vipande vya kioo. Chakula nimefunika jikoni. Fundi wa mlango anakuja saa tisa.

Majirani wakiwaambia mama yenu kaua mtu, ni uongo. Nimempiga tu. Asubuhi mjomba wenu aliingia kwa teke, amelewa chakari, anataka kubeba cherehani yangu akaiuze. Nikamwambia, "Mdogo wangu, iache." Akanibamiza kwenye kioo cha kujaribia nguo, jino likaruka. Nikashika pasi, bahati yake ilikuwa baridi, nikamshindilia nayo kichwani mara mbili. Pigo la kwanza lilikuwa la kujiokoa. La pili lilikuwa la hasira, sikatai. Akaangukia gauni la bibi harusi, likalowa damu.

Majirani wamemkimbiza hospitali. Na mimi naenda huko huko, mdomo umepasuka. Leo fundi cherehani naye anashonwa. Chekeni tu.

~~Asikanyage tena hapa.~~ Nikirudi naye, mtandikieni kochi, na msimkodolee macho. Cherehani ifungieni chumbani kwangu.

Gauni linachukuliwa kesho, na nitalimaliza hata kwa mkono. Wewe mkubwa, liloweke sasa hivi kwenye maji baridi yenye chumvi. Ya moto yataigandisha damu. Ukiiwahi mbichi, inatoka. Ukiiacha ikauke, utaisugua mpaka uzeeni.

Ndiyo maana sikungoja kesho kumfuata mjomba wenu.

Mama yenu, dada yake