Mstari Mwekundu kwenye Nati

Jumatatu, 4 Machi

Boti imegoma. Ukigeuza ufunguo — tk, tk, basi. Abiria wameteremka, wakapanda boti ya jirani. Mume wangu kaleta fundi umeme. Mwanamke! Eti walisoma pamoja. Miaka yote hii ya ndoa sijawahi kusikia habari zake.

Ana mita yake ya kupimia umeme, anagusagusa waya kimya kimya. Betri nzima. Shida ni ule waya mweusi unapofungwa kwenye betri: nati imelegea, kutu tele. Akasugua kwa msasa, akakaza, injini ikawaka. Mume wangu akapiga makofi. Nilipojifungua mapacha hakupiga makofi. Leo nimelala nikimpa mgongo.

Jumanne, 5 Machi

Boti nzima, abiria wamejaa. Mume wangu kanuna kutwa kama kanyimwa kitu.

Jumatano, 6 Machi

Nina wivu. Nimeandika, yaishe.

Nimepaka rangi ya kucha, nyekundu, ile niliyonunua kwa ajili ya harusi ya wifi. Nimemmiminia chai, nimempelekea sahani, vidole mbele ya macho yake. Akasema mchuzi umezidi chumvi.

Alhamisi, 7 Machi

Tk, tk. Yale yale. Fundi kaja tena, na mume wangu kavaa shati la kutokea. Kwenye oili! Wanacheka mle ndani ya boti. Waya gani unachekesha hivyo?

Kisha mume wangu akatoka mbio kumnunulia soda. Tukabaki wawili. Nilishajiandaa kumpa mwanamke yule vidonge vyake. Yeye akatazama mikono yangu.

"Dada, kucha zimekupendeza. Hiyo rangi unayo hapa?"

Za kwake zimekatwa fupi kabisa, nyeusi kwa grisi. Nikampa kichupa. Akakaza nati, safari hii na washa ya kubana, kile kipete cha chuma, chini yake, kisha akachora mstari mwembamba kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha betri. Kanieleza taratibu: mstari ukikatika, nati imezungushwa. Na kwa washa ile, injini itetemeke itakavyo, haiwezi kuilegeza yenyewe.

Kanieleza mimi. Mume wangu aliporudi na soda yake, kifuniko cha betri kilishafungwa. Roho imeniuma zaidi, maana hata kumchukia sawasawa sasa siwezi. Ila nitajitahidi.

Ijumaa, 8 Machi

Safari zote zimekwenda vizuri. Jioni kabla ya kuondoka nilichungulia betri. Mstari umenyooka. Nilijisikia fundi na mimi.

Baada ya kula mume wangu kasema anashuka kuangalia kamba za boti. Karudi anapiga mluzi.

Jumamosi, 9 Machi

Tk, tk. Kabla hata ya safari ya kwanza.

Mume wangu hakushtuka. Kasema ni mtetemo tu wa injini, mama watoto, usijisumbue, Fundi nimeshampigia. Ameshampigia! Ufunguo tumegeuza sasa hivi. Halafu huyo, akapanda nyumbani kubadili shati.

Nikafungua kifuniko cha betri. Mstari wangu umekatika. Nusu imebaki kwenye chuma, nusu imekwenda na nati, upande wa pili kabisa. Nati yenyewe nimeizungusha kwa vidole. Pembe zake zina mikwaruzo mipya ya spana. Na boti haijawaka tangu jana jioni. Mtetemo upi?

Nimekaa kwanza. Wiki nzima nimemnunia mwanamke asiye na habari.

Spana ninayo hapa. Nikikaza, boti itawaka, nitampigia Fundi ageuze njiani, na nyumbani tutaendelea kula na kulala kama kawaida. Mara mbili nimeishika nati. Mara mbili nimeiacha.

Nimefunga kifuniko, nimekikalia. Naandika ili mikono ipate kazi.

Huyo Fundi, anashuka ngazi, ananipungia mkono. Nyuma yake mume wangu, kachana nywele, kambebea mkoba wa vifaa. Habari za mstari hana.

Fundi anauliza kuna nini tena. Mume wangu ananiwahi kujibu, anasema mtetemo. Fundi ananitazama mimi.

Nanyanyuka, nimwachie kifuniko akifungue mwenyewe.