Jina la Ritha Kwenye Makala ya Mapafu

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumatano ya Majivu, 5 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Filbert,

Pokea salamu za nyumbani. Hatujambo. Presha ya Mama imeshuka tangu abadilishiwe dawa, nami goti limeacha kunisumbua. Natumaini wewe, shemeji na watoto mmeivuka baridi ya huko ughaibuni salama. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekutana, kwa hiyo jengo zima limefunga.

Jana mhariri wa jarida lililochapisha makala yako alimwandikia dada Ritha. Anasema waandishi sita kati ya saba wamekubali jina lake liongezwe. Bado mmoja hajajibu. Ni wewe.

Makala yako nimeisoma yote, hata majedwali. Leo asubuhi ilikuwa imenukuliwa na watafiti wengine mara 1,316. Hiyo ndiyo iliyokupa uprofesa, na hapo sina neno. Lakini ukurasa wa nne unasema picha 6,240 za eksirei, zilizotumika kuifundisha kompyuta kutambua kifua kikuu, ziliwekewa alama na "mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka kumi na mmoja". Mtaalamu huyo ni Ritha, nami nilikuwa namwona. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akitoka zamu hospitalini, anakaa kwenye meza yetu ya chakula na kuzungushia mstari kila kivuli cha ugonjwa, pafu moja baada ya jingine.

Hakukudai makubaliano ya maandishi. Ulimwita dada, akaona inatosha. Mtu baki angekudai karatasi, na leo angekuwa na jina.

Ujumbe wako wa sauti wa tarehe 11 Februari tuliusikiliza sote. "Dada Ritha, tusihesabiane, sisi damu moja." Damu hiyo haikukuzuia kumweka mwandishi wa tano, ambaye uliwahi kuniambia mwenyewe kwamba alichangia kompyuta tu.

Jumapili Mama alijaribu kusuluhisha. "Ritha mwanangu, si mdogo wako huyo? Mwachie."

"Mama, nimemwachia picha elfu sita," Ritha akajibu. "Na jina nalo nimwachie?"

Jirani yetu Mwanne, muuza vitenge, alikuwa amekaa mlangoni. "Hata hapa sokoni fundi anashona, lebo anabandika mwingine," akasema. "Ila fundi wetu analipwa, jamani." Ritha alicheka. Mama hakucheka.

Nikueleze kilichopo, usije ukasema hukujua. Ritha ameomba nafasi ya masomo ya uzamivu hapa Dar. Chuo kinataka makala moja iliyochapishwa yenye jina lake, naye hana nyingine. Ufadhili ni kwa walio chini ya miaka arobaini na mitano, na Agosti anaitimiza. Mwakani hakuna.

Mhariri wangu gazetini amepata fununu, akataka niiandike. Nilimwambia siwezi, ni ndugu yangu. Nimewahi kuwaandika watu wa mitaa hii kwa makosa madogo kuliko hili lako, kwa majina yao kamili. Kwa hiyo nami nimekukinga kwa damu ileile, na sijivunii.

Mama anakusalimu. Anasema upige simu umsalimie, mengine atawaachia wakubwa wa ukoo. Baba mdogo Beno na mkewe Selina wanakusalimu pia. Ritha hakutuma salamu. Nilimuuliza mara mbili.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe moyo mwepesi wa kutenda haki.

Fomu ya jarida unayo kwenye barua pepe tangu tarehe 20 mwezi uliopita, ni ya kusaini tu. Mwisho wa kuipokea ni Ijumaa, tarehe 14. Jumatatu, tarehe 17, saa tatu asubuhi, kamati ya chuo inakaa. Ikifika Jumamosi bila saini yako, Ritha anaandika kwa jarida na kwa chuo chako kwamba picha zile ni kazi yake. Barua hiyo inahitaji shahidi aliyemwona akiifanya. Nimeshakubali kuisaini.

Ni mimi kaka yako, ambaye bado anakupenda,

Pantaleo