Totem Niliyojipatia Miye Mwenyewe

Mama Scholastique mupendwa,

Nisaidie, weye unajibiaka batu barua zao ku radio, lakini usinicheke mule, ju miye siko mutu wa kuombaka msaada, kwa kawaida batu njo banakuja kuniomba miye, uliza tu ku kituo ya pikipiki karibu na soko, hakuna ananipita kwa mbio wala kwa maneno. Masomo niliacha mu ya pili ya sekondari, lakini unaona mwenyewe namna barua yangu inatembea.

Jina yangu ni Delphin, niko na miaka makumi mbili na sita, niko na bibi moya, Bijou, na mutoto moya, Glodie, wa miaka munane, na ile mutoto aliingia mu skuti mwaka hii ku parokia yetu, na pale njo taabu yangu ilianzia, ju skuti ya siku hizi imebadilika, mama, imebadilika mpaka miye muzazi sijue tena niseme nini.

Sikiliza. Siye kule kwetu Iga Barrière tulikuwa bavulana peke, tulienda kambi mu pori, tulilala ku majani, tuliwasha moto na kiberiti moya mvua inanyesha, na kama ulikuwa mutu wa kweli, wenzako walikuangalia siku mingi, namna unatembea, namna unakula, namna unakasirika, halafu walikupatia totem, ni kusema jina ya munyama anafanana na weye, na unabakia nayo mpaka kaburi. Sasa? Batoto banaenda kambi ndani ya ukuta ya lupango ya parokia, na magodoro! Banapika ku mbabula ya makaa kama bamama! Bavulana na basichana mu kikundi moya, na kila mutoto anavaa ku shingo karatasi ya namba ya simu ya kwao. Shefu yenyewe ni musichana, Bénédicte, anafundisha batoto kufunga kidonda na kusikilizana, na mu kila kikundi anatia mutoto wa muji, mutoto wa kambi ya bakimbizi, na mutoto wa batu tulikosana nao, bote sahani moya. Nilimuuliza: "Shefu, na pilipili iko wapi? Siye walitukulisha pilipili mbichi, macho imefungwa, mbele ya kutupatia totem."

Akaniuliza: "Papa Glodie, na ile pilipili ilikufundisha nini?"

Nilicheka, nikawasha pikipiki, nikaenda.

Hii yote ningevumilia, mama. Lakini kuna sheria mupya. Zamani, siku ya ahadi, shefu njo alikuwa anafungia mutoto fulari, kile kitambaa ya ku shingo. Sasa ni muzazi, ju batoto mingi walifika huku Bunia peke yao, na shefu Bénédicte anataka kila mutoto asimame na mukubwa nyuma yake. Glodie alikuja mbio na karatasi ya kutia sahihi, kiatu moya ku muguu, ingine ku mukono.

"Papa! Jumapili, siku ya Mungu, weye njo utanifunga fulari!"

"Sawa, shefu."

"Na bazazi walikuwaka maskuti batasema totem yao kwa nguvu, mbele ya batu bote. Nimeshaambia kikundi yetu, papa yangu ni Chui Hashikwi. Hakuna mwingine iko na chui! Papa ya Fiacre yeye ni panya tu!"

Mama, niliingiza ile karatasi ku mufuko bila kuitia sahihi.

Ju sasa nakuambia kitu sijaambia hata Bijou. Ile chui nilijipatia miye mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na sita, ahadi yangu ilikuwa siku ya Mungu asubui, na Jumamosi shefu wetu Katsuva alinivalisha fulari, ya kujaribu tu, akasema, "Saa kumi na moya jioni unirudishie, kesho nitakufunga ya kweli." Saa tisa masasi ya bunduki ikaanza. Tulikimbia bote, kila mutu na njia yake, na miye nilitembea mpaka Bunia na ile kitambaa ku shingo, na batu mu njia waliniona wakaanza kuita, skuti, leta maji, skuti, beba muzee huyu, na miye nikaleta, nikabeba, sikusema hapana, na tangu ile siku nikakuwa skuti. Ahadi sikufanyaka. Pilipili sikuonjaka. Shefu Katsuva sijue iko wapi, na fulari yake niko nayo mpaka leo. Halafu Glodie akazaliwa, nikaanza kumupigia hadisi, moto ya kiberiti moya, pori, na chui ikaingia yenyewe mu hadisi, mpaka niliichora ku tangi ya pikipiki, na inapendeza, siwezi kukudanganya.

Na ile kiwanja ya ahadi haijaniacha, mama. Saa nane, wakati jua inalala mu barabara na muteja hakuna, nalala kidogo juu ya pikipiki na naona Iga, ukungu nyeupe kama maziwa, miti ya kalitusi inatembea pole pole bila mizizi, wenzangu wamejipanga mustari, hakuna amekomaa hata kidogo, magoti yao iko na vumbi ile ile, shefu Katsuva anasoma majina, anafika ku yangu, "Delphin!", nafungua kinywa, inatoka tu sauti ya pikipiki. Banamungojea Delphin. Mvua inaanguka na haibalowanishe. Hakuna anakasirika, na ile njo inaniuma, kama wangenitukana ningelala muzuri. Halafu muteja ananigonga ku bega, "Weye, tunaenda ao unaota?"

Basi nilimuambia Glodie skuti ya sasa ni ya magodoro, haina maana, sitatia sahihi. Hakulia. Alikunja nguo yake ya skuti vizuri, namna wamemufundisha, akaiweka chini ya kitanda, na iko siku tatu haimbe akiosha sahani. Bijou anauliza, "Chui gani hii inakimbia karatasi?" Nikienda, nitadanganya mbele ya Mungu, na mutu wa Iga anaweza kuwa pale aniulize nilipewa totem mu kambi gani. Nikikataa, batoto bote watakuwa na mutu nyuma yao, isipokuwa Glodie. Imebakia siku ine. Niambie, mama, lakini pole pole.

Miye Delphin wa pikipiki nyekundu.


Delphin,

Pole pole haiwezekani, siku ine ni kidogo, na jibu hili linakuja mukononi mwako, si kwenye radio.

Kijana wa miaka kumi na sita aliyebeba wazee njiani siku ile, siwezi kumucheka, na nitakasirikia kila atakayemucheka. Wenzako walikuwa wanajifunza ahadi kwa kinywa, weye uliifanya kwa mugongo. Ungemuhadisia Glodie ile tu, ingetosha kumulalisha kila siku. Lakini hapana, bwana alitaka chui.

Sasa nisikilize. Magodoro yamekukosea nini? Unajua vizuri kuliko miye kwa nini kambi haiendi tena porini. Unajua kwa nini mutoto anavaa namba ya simu shingoni: ungekuwa nayo ile Jumamosi, watu wako wangejua uko wapi. Yule shefu musichana anajenga skuti kwa ajili ya watoto waliokimbia, ni kusema kwa ajili yako, na weye unamutafutia makosa juu ya mbabula! Aibu yako ni yako. Usiitupe juu ya Bénédicte, wala juu ya mutoto.

Leo hii utatia sahihi karatasi. Usiseme kesho. Kisha nenda kumuchukua Glodie kwenye masomo, muondoke wawili tu, na mbele ya kufika nyumbani zima pikipiki umuambie: fulari niliazimwa, ahadi sikufanya, chui nilijipa. Usitie mapambo. Atakasirika, juu ametangaza jina lako kwa kikundi kizima, na iko na haki. Mwache akasirike. Usimununulie biskuti ya kumunyamazisha. Nyumbani umuambie Bijou pia, yeye ameshanusa zamani.

Kufunga fulari hakuombi skuti, kunaomba muzazi, na ile kazi hukuidanganya hata siku moja. Utasimama nyuma ya mutoto wako. Ikifika zamu ya totem, utasema kwa nguvu, namna unavyoita wateja: "Miye bado sijapewa." Yule mutu wa Iga unayemuogopa, kama iko pale, naye labda hakumaliza ahadi yake.

Iko kitu kimoja tena. Jumamosi hii fua ile fulari ya Katsuva, ikunje, umupelekee shefu Bénédicte, juu yeye njo anakaa mahali pake sasa. Ufike saa kumi na moja jioni, usipite hata dakika. Uliambiwa saa kumi na moja ya Jumamosi, basi utairudisha saa kumi na moja ya Jumamosi. Halafu muulize kama kijana mukubwa anaweza kuingia mustari na watoto, afanye ahadi yake iliyokatika. Akikubali, siku ya Mungu jina lako litasomwa, na ninakuomba, jibu na kinywa.

Juu ya totem, sheria unaijua mwenyewe: inatoka kwa mutu aliyekuangalia muda murefu, namna unavyotembea, unavyokula, unavyokasirika. Mutu kama yule unaye nyumbani, amekuangalia miaka munane. Mukitoka misa, muulize Glodie weye ni munyama gani. Umupe nafasi ya kufikiri, na chochote atakachosema, usibishane.

Kama ni bata, nunua rangi, ufute chui kwenye tangi.