Bibi Yako Alivyonizuia Kupuliza Dawa

Neema mjukuu wangu,

Marahaba, salamu zako zimefika Mchombe. Bibi yako, mke mwenzio, hajambo.

Umeuliza kwa nini wakulima tunazidisha dawa. Ni woga, mama. Ujanani jirani yetu alipuliza mpunga wake, nikahofu wadudu watahamia kwetu, nikabeba bomba. Bibi yako akanizuia: "Twende kwanza tukaangalie."

Tukafunua majani. Wadudu walikuwa wachache, na buibui walikuwa wakiwala.

"Ukipuliza, utawaua na hawa wanaotusaidia," akasema.

Tukawa tunakagua kila asubuhi bila kupuliza. Mpunga ukatoa masuke, tukavuna vizuri.

Hadi leo majirani humwita awaangalizie mashamba kabla hawajapuliza, nami humsindikiza kwa fahari.

Babu yako, akukumbukaye