Santuri ya Mama Kirimi Imerudi Kanyakine

Njeru, ndugu yangu,

Tulia sasa. Santuri imefika kwa mwenyewe. Haijavunjika, haijapinda, na hakuna mzungu yeyote mkusanyaji wa santuri kule Nairobi aliyeuziwa. Nimeipeleka mimi mwenyewe mpaka Kanyakine, nikaiweka mapajani mwa Mama Kirimi, halafu nikarudi hapa Majimbo, Embu, na kulala usingizi ambao sikuupata tangu tukuzike. Niliamka jua limeshapanda, redio za watu zikinisubiri mezani, na jambo la kwanza nililotaka ni kukupigia kelele kwamba imerudi. Nikakumbuka haupo. Ni wiki ya pili sasa na hamu hiyo haijaniisha, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Wacha nikueleze kuanzia mwanzo, maana uliondoka kabla mambo hayajaharibika. Na faida moja ya kukuandikia ni kwamba leo hutanikatiza.

Unakumbuka siku uliyokuja nayo? Ulisimamisha gari la mkate nje ya kibanda changu, hata injini hukuzima, ukaingia umekumbatia kitu kilichofungwa kwenye leso. "Mwenda, funga mlango." Nilidhani umegonga mtu. Kumbe umempata Mzee Mbaabu, au kile kilichobaki chake.

Miaka yote ile tulikuwa na kaseti moja tu ya wimbo wake, tuliyonasa kutoka redioni, mtangazaji akisoma salamu za watu juu ya mwisho wote. Lakini hata ndani ya makelele yale gitaa lilisikika: gitaa la kulazwa mapajani, mkono wa kushoto ukitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi mpaka sauti inakuwa ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Watu wengi hapa mjini wanadhani gitaa hilo ni la Wamarekani wa kofia pana. Sisi tulijua tuna wetu, wa Imenti kule Meru, na hatukujua hata kama yuko hai. Wewe ukaanza kuuliza kila duka uliposhusha mkate, kutoka Embu mpaka Meru mjini: "Hapa hakuna mtu ako na santuri za zamani?" Wenye maduka walikuona mwendawazimu mwenye adabu. Mpaka mmoja wa Kanyakine akakuonyesha boma la mjane.

Mzee alikuwa ameshalala miaka mingi. Mama Kirimi alikuwa na santuri moja tu, ile ndogo ya nyimbo mbili, na hakuwa ameisikia tangu gramafoni yao ilipokufa. Akakupa. Wewe, mtu asiyemjua, dereva wa mkate. "Utarudisha?" Ukamwambia utarudisha, na utamletea na kaseti yake asikilize kwenye redio ya Kirimi. Ulinisimulia hayo mara nyingi sana, kila mara ukitikisa kichwa.

Halafu sindano ya mashine yangu ya santuri ilikuwa imevunjika, na nyingine ilibidi itoke Nairobi. Kibanda changu kinavuja, wajua, na ile mvua ya Elinino ilikuwa haijatuachia. Ukaibeba kwako, ukaiweka kwenye katoni pamoja na zako, mahali pakavu. Tulifanya vizuri. Nimefikiria sana jambo hilo, na bado naona tulifanya vizuri.

Tulichokosa kujua ni kwamba kifua kile ulichokuwa unakiita mafua hakikuwa mafua. Nilipokuja hospitali ulikuwa huwezi kumaliza sentensi. Ulinishika mkono ukasema, "Ya Mama Kirimi." Nikasema najua. Ukasema tena, "Rudisha." Mkeo alidhani unaweweseka.

Tukakuzika kwenu Kiritiri. Nikakaa kwanza, nikaona si adabu kuingia nyumba ya msiba kuuliza santuri. Nilipokwenda, mkeo Mama Muriuki aliniangalia kama aliyemwagiwa maji. "Mwenda, katoni ilienda na wazee." Ukoo wenu ulikuwa umeshakutana kugawana vitu vyako, kama ilivyo desturi. Nguo, viatu, godoro, jembe. Na santuri. Mzee mmoja alisema kila mtu achukue ya kumkumbukia marehemu. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye gramafoni, Njeru! Na mkeo, mjane wa juzi, angewazuiaje?

Kabla sijajua la kufanya, Kirimi akatokea. Mwanawe, yule mrefu anayeuza ndizi. Mama yake alikuwa amemwambia asubiri, yeye akachoka kusubiri. Akasimama mlangoni mwa kibanda, wateja wamejaa, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Mtu akikufa, vitu za watu pia zinakufa na yeye? Hiyo rafiki yako ilikuwa mwizi!" Wewe umezicheka hasira zetu za Kimeru miaka yote. Siku hiyo tulikuwa Wameru wawili kwenye kibanda kimoja, na mmoja ana chuma cha kuchomelea mkononi. Nilikiweka chini. Nakwambia nilikiweka chini kwa sababu yako tu.

Lakini neno lilishatoka. Majimbo ni Majimbo. Wiki ile ile Mama Muriuki akaulizwa sokoni kama ni kweli bwanake alikuwa anaibia wajane wa Meru. Akaacha kwenda soko. Akawa anamtuma jirani.

Kwa hiyo nikafunga kazi, nikachukua ile gramafoni yangu ya betri, sindano ilikuwa imeshafika, nikaenda Kiritiri. Njeru, ndugu zako! Binamu yako wa kwanza ameweka santuri chini ya koroboi ili mafuta ya taa yasichafue meza. Wa pili ametundika yake ukutani, hiyo nashukuru. Wa tatu alinipeleka shambani huku akitabasamu kama mtu aliyegundua kitu. Mtama umeiva vizuri mwaka huu, na ndege ni wengi, basi akafunga santuri kwa kamba juu ya miti, zizunguke kwenye upepo na kumetameta. "Ndege zinaogopa kabisa," akaniambia. Nilisimama pale nikiangalia zile nyeusi zinavyozunguka na jua lile la kwenu, zimejikunja kama chapati. Zile ulizozitafuta Chuka, Nkubu, Runyenjes. Nilikaa chini kwenye udongo. Binamu yako akadhani ni joto, akaniletea maji.

Nilizikagua moja moja. Ya Mzee Mbaabu haikuwamo. Sikujua kama nifurahi au nilie.

Mwisho wakanielekeza kwa shangazi yako Ciarunji, yule mfupi asiyekubali kuitwa mzee. Aliniambia ndiyo, alichukua moja, ile ndogo, kwa sababu ilikuwa saizi nzuri. Saizi nzuri ya nini? Akanionyesha. Kwenye kona ya jikoni kuna mtungi wake wa maji ya kunywa, na juu ya mtungi, imekaa sawasawa kabisa, santuri ya Mama Kirimi. Kwenye tundu la katikati amechomeka gunzi la mahindi, ndiyo mshikio.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nisamehe, nilikuwa nyumbani kwa watu wenye msiba. Lakini jikoni kwake ni baridi, hakuna jua, na maji yake ni safi. Kati ya nyumba zote za ukoo wenu, pale ndipo ilipaswa kuwa.

Kicheko kikaisha niliponyoosha mkono kuichukua. Shangazi akaushika mtungi kwa mikono yote miwili. "Hii ndio kitu ya Njeru niko nayo. Wengine walichukua mashati. Unataka kuninyang'anya?" Alikulea yule. Ana haki kuliko mimi. Nikamwambia tu ukweli: si ya Njeru, ni ya mjane mmoja wa Meru, ni sauti ya bwanake, na hana nyingine. Akaiinua kwa gunzi lake, akaiangalia juu na chini. "Iko na sauti? Hebu nisikie."

Tukatoa gunzi. Tukaiosha kwa sabuni na kitambaa laini. Nikaweka mashine juu ya kigoda, nikashusha sindano, na mwanzo ikaruka, ikaruka tena, nikafumba macho. Halafu ikashika. Njeru, hakuna mtangazaji! Hakuna salamu za mtu yeyote! Ni yeye tu, safi, tangu mwanzo mpaka mwisho ambao hatukuwahi kuusikia. Mwishoni anapunguza taratibu, anagusa uzi mmoja, anauacha uende zake. Ningetoa chochote uwe pale.

Shangazi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Sidhani alielewa Kimeru chote. Wimbo ulipoisha akafunga santuri kwenye kanga yake mwenyewe. "Mjane ni mjane. Peleka." Sasa mtungi wake umefunikwa na sahani, na namtengenezea redio kaseti, ile ya bluu uliyosema haiwezi kupona. Inapona.

Kanyakine nilifika mchana, baada ya kunakili kaseti hapa kwangu. Kirimi alikuwa uani anapanga ndizi. Hakunisalimia. Mama Kirimi alitoka, mdogo kuliko nilivyodhani, akaniketisha, akanipa chai kwanza, kwa sababu hapo kwao huwezi kusema neno zito na tumbo tupu. Kisha nikafungua kanga.

Aliipitisha vidole ukingoni, akasogeza kiti karibu na gramafoni niliyokwenda nayo. Nikaicheza. Na sasa nisikilize vizuri, maana hapa utanikasirikia. Unajua pale kwenye ubeti wa pili, chuma kinaposhuka ghafla na sauti inavunjika? Pale ulipokuwa unashika kifua na kusema, "Hapo alikuwa analia, Mwenda"? Pale tulipojifundisha Jumapili nyingi kwa kipande cha bomba mpaka jirani akaja kulalamika? Wimbo ulipofika hapo, Mama Kirimi akaruka kwenye kiti. "Hapo! Hapo ilimteleza!" Chuma kilimponyoka kwa jasho, akataka warudie, wenye studio wakamwambia inatosha, wakaita mtu mwingine. Alirudi nyumbani na hasira, akakataa hata kula. Mama Kirimi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Miaka yote tumeabudu kosa, rafiki yangu. Nami nakwambia bado ndipo pazuri kuliko pote.

Kirimi alikuwa ameacha ndizi, amesimama mlangoni. Alikuwa mtoto mdogo baba yake alipofariki. Nilikuwa sijafikiria jambo hilo, nilivyokuwa na hasira naye: kwamba hakuwahi kulisikia gitaa lile. Wimbo ulipoisha mama yake hakumwangalia hata usoni, akasema tu, "Nilikwambia hiyo mtu ya mkate italeta. Si ameleta?"

Nikataka kumsahihisha, kwamba wewe hukuweza, kwamba nimeleta mimi. Nikafunga mdomo wangu.

Kirimi alinisindikiza mpaka barabarani, amebeba mkungu wa ndizi wa kumpelekea mkeo. Njiani akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba watu wa gari la sinema waliwahi kumpiga baba yake filamu Kinoru siku ya maonyesho, akipiga gitaa limelala mapajani. Mama yake alikuwepo. Sasa ameanza kuzunguka maofisi ya Meru mjini kuitafuta, na Jumapili iliyopita alikuja hapa kwangu na kukaa na wale wazee wetu wanaokuja kusikiliza santuri, tangu walipotoka kanisani mpaka giza lilipoingia. Anauliza maswali kukushinda wewe. Hajasema samahani kwa maneno, lakini alikwenda sokoni Majimbo kununua sukari, na akahakikisha kila mtu amesikia amekuja kwa nani na kwa nini.

Ninakuahidi jambo moja. Hatutabeba tena santuri ya mtu kutoka nyumbani kwake. Mashine ndiyo itakayobebwa, na hata ikiwa ni mlimani nitapanda nayo, tunakili hapo hapo mbele ya mwenyewe. Wazee wamekubali, wakanuna kidogo, wakakubali.

Ndizi nilizipeleka kwa Mama Muriuki jioni ile ile. Nikamweleza kila kitu, gunzi na yote, na lile neno la Mama Kirimi nikalirudia kama lilivyosemwa. Unajua hakuwahi kulia, mkeo? Wala kaburini. Watu walimsema kwa hilo. Alikaa akinitazama, mkungu uko miguuni, kisha akavua kile kitambaa cha kichwani akakikunja juu ya magoti.

"Basi ni sawa," akasema. "Sasa nitamlilia mtu wangu."

Nikatoka nikamfungia mlango, nikakaa nje kwenye ngazi mpaka aliponyamaza.

Lala salama, Njeru.

Wako,
Mwenda