Usiku Uliopigwa Mchana

Leipzig, 9 Novemba 1867

Mke wangu Rosine,

Baridi imeanza, na soksi ulizonifumia zinanitosha. Jana mimi na mwenzangu Kaspar tulipandisha piano ghorofa ya tatu kwa Bibi Wendler, mwalimu wa muziki. Sisi wabebaji hatushuki mpaka mwenyewe aijaribu. Basi akapiga muziki uitwao wa usiku, mchana kweupe, huku akimfundisha binti mmoja. Mkono wa kushoto ulikimbia bila kupumzika, wa kulia ukawa unaita. Katikati sauti zikawa tamu.

Binti akasema, "Kumekucha!"

Bibi Wendler akamjibu, "Kumekucha wapi, mwanangu? Sikiliza mkono wa kushoto, bado unakimbia. Ni usiku uleule, umebadili nguo tu."

Kaspar akaninong'oneza, "Kumbe tulibeba usiku! Ndiyo maana mgongo umenikatika."

Nikacheka, Rosine. Wiki tatu tangu umzike Liese wetu peke yako, nami nacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kama ule utamu wa katikati.

Umeniuliza kama nimemlilia mtoto. Bado. Nabeba, nakula, nalala. Nikifika Krismasi usinitengee chakula kwanza. Nipeleke alipolala.

Mumeo,
Traugott