Mstari Uliopinda Makaburini

Duka la Vifaa vya Meli,
Mkabala na Geti la Pili la Bandari.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo? Goti lake linamruhusu kupanda ngazi siku hizi, au bado anasimama kila ngazi ya nne akijifanya anatazama dirishani? Na mjukuu, ameota meno? Nimesikia baridi ya mwaka huu haina mchezo. Jifunike vizuri, usijifanye msichana. Sisi kwa upande wa afya hatujambo. Presha yangu imetulia, dawa nameza, chumvi nimepunguza mpaka chakula hakina maana tena.

Najua utashtuka kuona barua badala ya simu. Simu nimeishika mara nne wiki hii nikairudisha mezani. Dukani kaka yetu ananisikia, nyumbani wanangu wananisikia, na nikiisikia sauti yako nitalia tu, sitasema kitu. Barua hii anakuletea baharia mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, anayeruka kesho kwenda likizo. Ameniahidi ataifikisha mpaka mlangoni kwako. Mpe chai, ni mtu mzuri ila anaongea sana.

Kaka yetu unamjua. Mji mzima bado unamwita Bwana Kesho Asubuhi, maana nahodha akiagiza nyama, kamba, sabuni, hata sindano ya kushonea turubai, jibu ni hilo hilo, na kweli kesho yake asubuhi mzigo uko chini ya ngazi ya meli. Tangu achaguliwe mwenyekiti wa baraza la mji ndiyo amezidi. Kitambi kimeongezeka. Tai mpaka leo hajui kuifunga, anafungwa na wifi, eti ni mapenzi! Lakini kazi anafanya, tusimnyime haki yake. Taa za barabara ya sokoni ni yeye. Makuli kupewa glavu na viatu vya kazi ni yeye, aligombana na wenye maghala mpaka sauti ikamkauka.

Sasa kuna hii barabara mpya ya malori. Malori yote ya bandarini yanapita mbele ya shule, na mwaka jana yaliua watu watatu, mmoja wao mwalimu wa darasa la kwanza. Barabara inatakiwa, hata mimi naitaka. Mpima ardhi alipoleta mchoro wa kwanza, mstari ulipita juu ya kona ya chini ya makaburi. Makaburi tisa yangehamishwa. La mama ni la tatu kutoka ukutani.

Dada, nilipandwa na wazimu. Wenye makaburi mengine manane walitia saini, mimi nikagoma. Nilimnunia kaka siku kumi na mbili. Chai nilimwekea bila salamu, barua zake nilizichapa bila kumtazama usoni. Nilimwambia mbele ya karani wa forodha kwamba mtu anayepitisha malori kifuani kwa mama yake hana uso wa kukalia kile kiti. Karani wa watu akakumbuka ghafla kwamba ana kazi mahali, akatoka mbio. Siku ya kumi na tatu kaka aliingia, akavua koti, akasema, "Haya, mama hataguswa. Umefurahi?"

Nilifurahi. Nilimrukia shingoni kama mtoto. Sikuuliza mstari umehamia wapi. Hilo ni kosa langu, na nalikiri kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Wiki iliyopita alinipa mchoro mpya niutolee nakala za madiwani. Niliutandaza mezani, nikaukandamiza kwa kikombe na stepla usijikunje. Mstari unatoka getini umenyooka vizuri, ukifika makaburini unapinda kama mtu anayekwepa dimbwi, halafu unaingia moja kwa moja kwenye kota za zamani za makuli. Nilihesabu nyumba kwa ncha ya kalamu. Kumi na nne. Ya sita ni ya fundi cherehani.

Fundi cherehani yule yule, Dada. Ndiye aliyemgeuza mama kitandani miezi saba, mimi nikiwa kazini kutwa na wewe ukiwa mbali. Alimwosha, alimchana nywele, alimlisha kijiko kwa kijiko. Alihamishia cherehani yake chumbani kwa mama ili asimwache peke yake, na mama akawa anasema ule mlio ndio unaomletea usingizi. Hakutudai hata asante.

Jumatatu alikuja dukani. Nyumba yake imepigwa X nyekundu ukutani, karibu na dirisha. Nilimpa kiti, akakaa kwenye gunia la vitunguu. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe uko karibu na mwenyekiti. Hebu nisaidie kuuliza, sisi pale kwetu tumekosea nini? Mara ya kwanza si tuliambiwa hatumo?"

Nikamwambia sijui, nitauliza. Nilimdanganya mtu mzima bila hata kupepesa macho. Akanishukuru! Alipokuwa anaaga akaona kifungo cha mkono wa blauzi yangu kinaning'inia, akachomoa sindano kwenye kitambaa chake, akakikaza pale pale nimesimama. Alipotoka nilijifungia stoo nikalia kati ya ndoo za rangi.

Jumanne nilifunga mlango wa ofisi ya kaka, nikamwambia arudishe mstari ulipokuwa. Akanitolea macho. "Ulitaka mama abaki, mama amebaki. Unataka nini tena?"

Nikamwambia nimefuta ombi langu, nilikosea, mama tumhamishe kama wenzetu. Hapo ndipo alipokaa. Akasema, "Unadhani ni wewe? Wewe ungenuna mpaka ukachoka. Ni Dada. Nilimwahidi Dada."

Akanieleza nisiyoyajua. Kwamba siku ya mazishi, makaratasi yako ya safari yalipokataliwa, ulimpigia simu ukamwapisha kwamba kaburi lile lisiguswe mpaka uje uliwekee mkono. Na kwamba kila mkizungumza, kabla ya kuagana, humuuliza, "Lipo?" naye hukujibu, "Lipo." Alilia, Dada. Na kitambi chake chote alilia akijifuta machozi kwa tai. Mtu ambaye hajawahi kushindwa kutimiza neno lake kwa nahodha asiyemjua, atalivunjaje kwako?

Sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa wewe ningemwapisha vivyo hivyo. Lakini ujue hali yake. Hapiti tena kota za makuli, anazunguka njia yote ya nyuma ya forodha, na jua hili. Wifi anasema chakula anakichezea tu. Makuli wanampungia mkono, wanamwita mwenyekiti wetu, naye anajifanya anasoma simu.

Baraza linapitisha mchoro Alhamisi, tarehe 27. Mpima ardhi anasema mstari wa kwanza bado unaweza kurudi, ila fomu ya kuhamisha kaburi lazima iwe na saini ya kila mtoto wa marehemu. Fomu iko ndani ya bahasha hii. Saini yangu utaiona. Kaka hatii yake kabla yako, nimembembeleza mpaka nimechoka. Na tafadhali usitume saini peke yake. Mpigie umwambie umemwachilia. Anahitaji kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwako, na hawezi kukuomba.

Ukikataa sitakununia, kununa kumeshanitia hasara ya kutosha. Lakini siku hiyo nitaingia ukumbini, nitasimama mbele ya watu, niseme mstari umepinda kwa sababu ya mama yetu na kwa sababu ya kelele zangu. Watamvua kiti, na jina lake lote la miaka hii litaishia pale, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemmaliza. Naogopa, Dada.

Mahali papya nilikwenda kupaona jana. Ni juu, karibu na tangi la maji, udongo mkavu, hakuna mti. Hapajapendeza, sitakudanganya.

Leo asubuhi nikiwa nafua ndipo likanijia jambo, nikaacha nguo kwenye beseni nikaja kukuandikia. Ulisema safari hii makaratasi yako yamekubaliwa, na utaweza kusafiri mwezi wa sita. Nimempigia mpima ardhi na Jumapili yake. Kona ile haichimbwi kabla ya mwezi wa saba. Dada, mama atazikwa upya, na safari hii tunaweza kukungoja.

Wifi anakusalimu, na watoto wake wanamwamkia shangazi yao. Wanangu wanasema mama mkubwa asisahau viatu. Kaka hajui kama nimeandika, kwa hiyo salamu zake nakuwekea mwenyewe. Fundi cherehani anakusalimu sana, naye hajui. Aliniuliza utakuja lini, nikamwambia bado hujataja tarehe.

Mungu akulinde, akupe moyo wa kuisoma barua hii mara mbili kabla ya kunikasirikia.

Ni mimi, kitinda mimba wenu, nikupendaye hata ninapokuumiza,

Mdogo wako.